Akaunti iliyolala: uiamshe, uifunge, au uiache hadi ifike Benki Kuu?

Dodoma imejaa watu waliokuja na akaunti za kwingine. Mtumishi aliyehamia na wizara yake baada ya tangazo la Julai 2016 aliliacha Dar es Salaam tawi lililopokea mshahara wake wa kwanza. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) bado anayo kadi ya akaunti aliyofungua kwa ajili ya bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi, na muuza mahindi wa Kibaigwa, alifungua akaunti ili alipwe mzigo wa msimu mmoja. Akatoa alichotoa, akabakiza elfu hamsini na kitu, akaendelea na maisha. Hakuna aliyekusudia kuzitelekeza fedha hizo. Zimelala tu.

Mwenye akaunti ya namna hiyo ana njia tatu: kuiamsha, kuifunga na kuchukua kilichomo, au kuiacha mpaka sheria ilipeleke salio Benki Kuu ya Tanzania. Wengi wanaiogopa njia ya tatu kwa sababu isiyo yenyewe. Wanasema "serikali itachukua." Kwa salio dogo serikali mara nyingi haikuti kitu cha kuchukua, maana makato yameshalimaliza miaka mingi kabla.

Kulala na kutelekezwa ni mambo mawili

Akaunti hulala kwa masharti ya benki yenyewe. Kila benki ina muda wake, aghalabu kati ya miezi 6 na miaka 2 bila muamala wa mteja, na muda huo umeandikwa kwenye fomu uliyotia saini siku ya kufungua. Ikishalala, kadi haitoi fedha, simu haitumi, na mara nyingi fedha huingia bila kutoka. Hapo salio bado liko benki na bado ni lako.

Kutelekezwa ni neno la sheria. Kwa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya 2006, amana ambayo mwenyewe hajaigusa wala kuwasiliana na benki kwa miaka 15 huhesabiwa kuwa imetelekezwa, na hutoka benki kwenda Benki Kuu. Kabla ya hapo benki hukutafuta kwa anwani na namba ya simu ilizonazo. Kama ulizoandika ni S.L.P. ya shule uliyosoma na namba ya simu uliyoiacha 2011, taarifa hiyo haitakufikia.

Angalia pia ni muamala gani unaohesabika. Riba inayoingizwa na benki haihesabiki, na makato yake hayahesabiki. Lazima kitendo kitoke kwako: kutoa, kuweka, kuhamisha, kuandika barua. Kuna watu wanaona salio linabadilika kila mwezi wakadhani akaunti iko hai, kumbe kinachotembea ni makato peke yake.

Gharama ya kuiacha

Piga hesabu hii kwa akaunti yako. Tuseme salio ni shilingi 68,000 na ada ya uendeshaji ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Ukigawanya unapata miezi 45. Kufikia mwezi wa 46 salio limekwisha, na hiyo ni chini ya miaka 4. Sasa zidisha 1,500 kwa miezi 180, ambayo ndiyo miaka 15: unapata 270,000. Yaani kwa ada ya kiwango hicho, akaunti yoyote yenye chini ya 270,000 itakauka kabla sheria haijaifikia.

Benki nyingine husimamisha makato akaunti ikilala, nyingine huendelea, na nyingine hutoza ada ya ziada siku ya kuiamsha. Usikisie. Omba orodha ya ada na tozo, ambayo benki inapaswa kuiweka wazi kwa wateja, utafute mistari mitatu: ada ya mwezi, ada ya akaunti iliyolala, ada ya kufunga akaunti. Uliza kama kiasi kilichoandikwa tayari kina kodi ndani yake, maana ada za benki hutozwa kodi na tofauti hiyo huonekana ukihesabu kwa miaka.

Kuna akaunti ambayo kuiacha hakuiumizi haraka: ile isiyo na ada ya mwezi na yenye salio kubwa. Hiyo itafika Benki Kuu ikiwa nzima. Lakini riba itakuwa imesimama au ni ya kiwango cha chini kabisa, na thamani ya shilingi ya leo si ile ya miaka 15 iliyopita. Isitoshe, siku ya kudai utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ndiye yule aliyefungua akaunti akiwa na kitambulisho cha mwanafunzi. Hata fedha zikiwa zimeshahamishwa, anzia kwenye benki iliyokuwa na akaunti, kwa kuwa sahihi, picha na fomu zako ziko kwao.

Serikali nyingine zinafanyaje

Ukiwa na akaunti nje, au ndugu aliyefanya kazi nje akaacha akaunti, usichukue kanuni za hapa ukadhani ndizo za huko. Maswali ni mawili: inachukua miaka mingapi, na je, haki ya kudai inakufa?

| Nchi | Muda wa akaunti ya benki | Fedha zinakwenda wapi | Haki ya mwenyewe |
|---|---|---|---|
| Kenya | miaka 5 | Mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa (UFAA), kwa sheria ya 2011 | haina ukomo wa muda |
| India | miaka 10 | mfuko ulio chini ya benki kuu, tangu 2014 | inabaki |
| Uingereza | miaka 15 | Reclaim Fund, kwa sheria ya 2008 | inabaki, unadai kupitia benki yako |
| Australia | miaka 7 | serikali kuu | inabaki |
| Ufaransa | miaka 10 | Caisse des Dépôts | inakufa baada ya miaka 20 zaidi |
| Hispania | miaka 20 | hazina ya taifa | inakufa |

Kati ya hizo, Kenya ndiyo inayomgusa zaidi msomaji wa huku, kwa wingi wa watu waliosoma au kufanya biashara Nairobi. Miaka 5 ni michache: akaunti uliyoiacha 2018 imeshapita mstari. Kinachokuokoa ni kwamba unaweza kudai wakati wowote, na kudai hakulipiwi. Akitokea mtu anayetaka asilimia ili "akusaidie kufuatilia", anauza kitu kinachotolewa bure.

Australia inaonyesha jinsi serikali inavyoweza kusogeza mstari. Mwishoni mwa 2012 ilipunguza muda kutoka miaka 7 hadi 3. Akiba ambazo wazazi waliwawekea watoto wao kwa makusudi, bila kuzigusa, zikaanza kuhesabiwa kuwa hazina mwenyewe. Malalamiko yakawa mengi, na 2015 sheria ikarudishwa kwenye miaka 7. Kwa hiyo akaunti ya mtoto, hata hapa kwetu, iwekee japo kiasi kidogo kila mwaka. Usitegemee kwamba kwa kuwa ni ya mtoto itaachwa.

Kuiamsha au kuifunga?

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Kipimo chetu ni kimoja: je, kuna fedha itakayoingia au kutoka humo ndani ya miezi 12 ijayo? Ikiwepo, iamshe. Isipokuwepo, ifunge. Kuiamsha akaunti usiyoihitaji ni kulipa ada ya kuiamsha, kisha ada ya kila mwezi, kisha irudi kulala mwakani.

Kuna jambo moja linalopindua kipimo hicho, nalo ni malipo yaliyosajiliwa kwenye akaunti hiyo. Gawio la hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) huenda kwenye akaunti uliyoandikisha uliponunua hisa, pengine miaka 15 iliyopita. Vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT vikiuzwa, fedha hupelekwa kwenye akaunti iliyo kwenye kumbukumbu zao. Pensheni ya PSSSF nayo ni hivyo hivyo. Badilisha kwanza namba ya akaunti huko kwote, subiri malipo moja yaingie kwenye akaunti mpya, ndipo ufunge ya zamani. Ukifunga kwanza, gawio litarudi lilikotoka na utaanza kulifuatilia upya.

Ukienda kuiamsha, beba kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA yenye tarakimu 20, kadi ya zamani ya ATM au kitabu cha akiba kama kipo, picha ya pasipoti, na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa unakoishi sasa. Usiende kwenye dirisha la kutolea fedha. Nenda meza ya huduma kwa wateja. Utajaza fomu ya kuhuisha taarifa, utaweka alama za vidole zilinganishwe na NIDA, utatia sahihi. Akaunti ikifunguka, usiondoke: toa au weka kiasi kidogo papo hapo, kisha omba taarifa ya akaunti inayoanzia siku uliyoigusa mara ya mwisho. Huo muamala mdogo ndio unaoanzisha hesabu ya muda upya, na hiyo taarifa ndiyo itakayokuonyesha makato yalikula nini.

Zoezi hili hukwama kwa majina kuliko kwa kitu kingine chochote. Akaunti ilifunguliwa kwa kadi ya mpiga kura yenye majina mawili, NIDA ina matatu. Au mwenyewe aliolewa akachukua jina la mume. Au jina la babu limeandikwa "Mazengo" huku na "Masengo" kule. Tofauti ya herufi au mpangilio humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Fanya hivyo kabla ya kupanga foleni, utaokoa safari moja. Sahihi nayo hukwamisha: ile ya miaka 20 iliyopita haifanani na ya leo. Usijaribu kuiiga mpaka ifanane. Sema wazi kwamba imebadilika, ujaze fomu ya sahihi mpya.

Tawi la kufungulia liko Mwanza na wewe uko Nkuhungu? Matawi mengi hupokea maombi ya akaunti ya tawi lingine la benki hiyo hiyo, ila kadi ya sahihi na jalada la zamani hubaki kwenye tawi mama, na Dodoma lazima wayaombe. Acha namba ya simu, chukua jina la afisa na tarehe ya ombi, uandike kwenye nakala yako. Ombi lisilo na tarehe halina pa kushikwa.

Kufunga ni kwepesi zaidi ila kuna mtego: akaunti iliyolala mara nyingi huamshwa kwanza ndipo ifungwe, hivyo utambulisho wote huo utaupitia vile vile. Uliza kama utatozwa ada zote mbili. Rudisha kadi na hundi ambazo hazijatumika, ondoa namba ya simu kwenye huduma ya benki kwa simu, futa maagizo ya malipo ya kila mwezi, na hakikisha hakuna mkopo au salio hasi lililobaki. Kisha dai vitu viwili: salio lako lote, na barua ya kufunga akaunti. Bila barua, kuna akaunti "zilizofungwa" kwa mdomo ambazo ziliendelea kukatwa hadi salio likawa hasi, na mwenyewe akaja kulikuta alipokwenda kuomba mkopo.

Fedha ukizitoa, ziweke mahali zitakapoonekana. Simu inafaa kwa kiasi kidogo cha matumizi ya karibuni. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine, kwa hiyo si mahali pa kulaza akiba. Amana ya muda maalumu inafaa kama una tarehe, lakini andika kwenye fomu itakapoiva ifanywe nini: ilipwe akaunti gani, au iendelee. Isipoandikwa, nayo italala. Riba yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Benki yenyewe haionekani tena

Kabla ya kusema fedha zimepotea, fuata jina. NBC ya zamani iligawanywa 1997, ikatoka NBC ya sasa na NMB. Akaunti ya wakati ule iko kwenye mojawapo, kwa hiyo uliza kote kuwili. Kitabu cha Benki ya Posta sasa ni cha TCB (Tanzania Commercial Bank), ambayo iliwahi kuitwa TPB. Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake ziliunganishwa na TPB 2018, hivyo nazo mlango wake ni TCB.

Benki iliyofutiwa leseni ni habari nyingine. Januari 2018 zilifungwa tano kwa pamoja: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na Wakulima Kagera. Hapo unayemdai ni Bodi ya Bima ya Amana. Wakati ule fidia ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mteja katika benki moja. Kikomo cha sasa ni 7,500,000.

Akaunti ya kikundi

Akaunti za VICOBA na vikundi vya kata hulala kwa namna yake. Watia sahihi ni watatu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mmoja anahamia Singida, mwingine anafariki, na anayebaki hawezi kutoa hata shilingi. Salio lipo, wanachama wapo, benki inakataa, na benki ina haki.

Kinachofungua mlango ni muhtasari wa kikao. Si barua ya mwenyekiti, ni muhtasari: tarehe, mahali, idadi ya wanachama waliohudhuria kati ya wote, hoja ya kubadili watia sahihi, majina mapya, na sahihi za waliohudhuria zikiwa na namba zao za simu. Ambatanisha cheti cha usajili wa kikundi, nakala ya katiba, na barua ya utambulisho kutoka kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Soma katiba kabla ya kikao: kama inataka theluthi mbili na mmekutana nusu, karani makini wa benki atawarudisha. Kikundi kilichokwisha kusambaratika kisiamshe akaunti kwa ajili ya kuendelea. Kiandike kwenye muhtasari huo huo kwamba akaunti ifungwe na fedha zigawanywe vipi, kwa majina na kiasi.

Mwenye akaunti akiwa amefariki

Njia ya kuiamsha haipo tena. Akaunti ya marehemu haiamshwi, hufungwa kwa mirathi. Kutoa fedha kwa kadi na namba ya siri ya marehemu, hata kama aliitaja mwenyewe akiwa hospitali na fedha zikaenda kwenye mazishi, ni kuingilia mirathi bila mamlaka, na warithi wengine wanaweza kukudai mahakamani.

Jina la "mrithi" au ndugu wa karibu lililoandikwa kwenye fomu ya benki halimpi mtu huyo fedha. Ni mtu wa kuwasiliana naye. Wajane wengi wameifunga safari hadi benki na fomu hiyo mkononi, wakarudi wakilia njiani. Ni uchungu unaoweza kuepukwa kwa mtu mmoja kuwaeleza mapema.

Chukua cheti cha kifo kwanza. Kisha kikao cha familia na muhtasari wake, unaompendekeza msimamizi. Kwa mirathi ya kimila au ya Kiislamu peleka maombi Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alikokuwa na makazi yake, kwa Fomu Na. I. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Pingamizi lisipokuwepo, au likiisha kuamuliwa, msimamizi hupewa Fomu Na. IV, nayo ndiyo benki inayoisubiri. Ndani ya miezi 4 msimamizi anatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. V, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. VI.

Ndani ya orodha ya mali taja kila akaunti unayoijua, hata yenye elfu kumi. Usipojua marehemu alikuwa benki zipi, usiulize jirani. Tafuta kwenye simu yake jumbe za benki, kwenye stakabadhi za mishahara, kwenye kadi zilizokwisha muda alizozihifadhi kwenye Biblia au sandukuni. Kwa kila benki iliyojitokeza peleka barua ya msimamizi yenye majina yote ya marehemu kama alivyoyatumia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA na nakala ya Fomu Na. IV, uombe wakutafutie kwa jina. Benki ikijibu kwamba akaunti ilikuwepo na salio limeshapelekwa Benki Kuu, omba jibu hilo kwa maandishi likiwa na namba ya akaunti, kiasi na tarehe ya kuhamishwa. Hiyo karatasi moja ndiyo utakayodaia.